MacGregor: Jina Lililopigwa Marufuku

Nchini Uskoti, majina mengi ya koo za nyanda za juu huanza na "Mac", neno la Kigaeli lenye maana ya "mwana wa", kama "bin" kwetu. Mwanamke hupewa "Nic", yaani "binti". MacGregor basi ni bin Gregor, na Gregor ni jina lenye asili ya Kigiriki, maana yake mtu aliye macho.

Ukoo huu ulikaa katika mabonde ya Glenorchy na Glenstrae, ukijivunia kuwa na damu ya kifalme. Lakini ardhi yake iliangukia mikononi mwa jirani zao wenye nguvu, akina Campbell, na wengi wakawa wanaishi kwa kuteka ng'ombe. Februari 1603 waliwapiga akina Colquhoun huko Glen Fruin na kuwaua wengi. Mfalme James VI alighadhibika. Aprili mwaka huohuo ikatoka amri: atakayejiita MacGregor, adhabu yake ni kifo. Mkuu wa ukoo, Alasdair, alinyongwa Edinburgh mwaka 1604.

Waliosalia walijisitiri kwa majina ya watu: Murray, Drummond, Grant, hata Campbell. Amri iliondolewa 1661, ikarudishwa 1693, ikafutwa moja kwa moja mwaka 1774. Ni dhuluma nzito kumwambia mtu asiitwe kwa jina la babaye. Watoto walizaliwa, wakazeeka na kuzikwa kwa majina ya kuazima.

Mashuhuri wao kuliko wote, Rob Roy (1671–1734), alitumia jina la Campbell, la upande wa mama yake. "Roy" ni "mwekundu", kwa ajili ya nywele zake. Alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Deni la Duke wa Montrose lilipomshinda, alitangazwa mhalifu akaingia maporini. Riwaya ya Walter Scott ya mwaka 1817 ilieneza sifa zake duniani. Siku hizi wengi hulijua jina la MacGregor kwa mwigizaji Ewan McGregor, aliyezaliwa Perth mwaka 1971.

Rob Roy amezikwa Balquhidder, pamoja na mkewe na wanawe wawili. Jiwe la kaburi halikuandikwa Campbell. Limeandikwa maneno machache tu, ambayo kwa Kiswahili tungesema: MacGregor, wapende wasipende.