Mkate wa jibini usio na ngano

Wapo wazazi wanaomwona mtoto wao anaharisha mara kwa mara, tumbo limejaa, hakui, damu haitoshi, wakadhani ni minyoo tu. Mara nyingine ni minyoo kweli. Lakini upo ugonjwa uitwao siliaki. Mgonjwa akila gluteni, yaani ile protini inayofanya kinyunya cha ngano kivutike, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mwembamba, na chakula hakifyonzwi sawasawa. Tiba yake ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote.

Basi mtu huyu ale mkate gani? Watu wa jimbo la Minas Gerais, Brazili, wanalo jibu la siku nyingi, ingawa hawakulitafuta kwa ajili ya wagonjwa. Zamani kwao ngano ilikuwa adimu, lakini muhogo na maziwa havikukosekana. Wakaoka pão de queijo, maana yake mkate wa jibini.

Akina mama wengi wanaojaribu hukosea kwenye unga. Unaotakiwa si unga wa muhogo wa ugali, bali wanga wake. Menya muhogo mtamu (ule mchungu una sumu nyingi zaidi), ukune, uoshe kwa maji mengi na kuukamua kwa kitambaa safi. Acha maji yatulie mpaka weupe ushuke chini, yamwage, kisha anika weupe huo juani ukauke kabisa.

Chukua wanga nusu kilo. Chemsha maziwa kikombe kimoja, mafuta nusu kikombe na chumvi kijiko kidogo kimoja. Yakiwa bado yanatokota yamwagie wanga, ukoroge. Hatua hii usiiruke, maana ndiyo inayoushikamanisha wanga usio na gluteni. Ukipoa, tia mayai mawili, kisha jibini iliyokunwa gramu 200. Kanda, viringa vidonge kama ndimu, oka katika joto la nyuzi 180 hadi 200 kwa dakika 20 au 25. Hamira haihitajiki, mvuke ndio unaouumua mkate. Asiye na jiko la kuokea atumie sufuria yenye mfuniko, makaa juu na chini.

Sasa neno kwa mwenye mgonjwa. Usimwachishe mtoto ngano kabla hajapimwa, kwani kipimo cha damu huweza kudanganya ikiwa ameshaiacha. Akithibitishwa, chekecheo na kibao cha chapati visiguse mkate wake. Vumbi kidogo la ngano latosha kumdhuru. Nchini Brazili sheria ya mwaka 2003 inavitaka vyakula vya viwandani viandikwe kama vina gluteni au havina.

Mkate huu una wanga, mafuta na chumvi nyingi, hivyo wenye kisukari au shinikizo la damu wale kidogo, pamoja na matunda au maharage. Na uliwe moto. Ukipoa huwa kama mpira, urudishe jikoni dakika chache.