Mji wa wafalme ni safari ya matatu tu, lakini pitia Chetambe kwanza

UKITAJA mji wa wafalme, picha zinazojaa mitandaoni ni za mbali: Hue kule Vietnam, ambako ukoo wa Nguyen ulitawala kuanzia 1802 hadi 1945, au makaburi ya makabaka pale Kasubi, Kampala. Ila kijana wa Kitale au Bungoma ana mji wa kifalme anaoweza kuufikia kwa matatu. Ni Mumias, Elureko ya zamani, makao ya Nabongo wa Wanga.

Shida ni kwamba ukienda huko moja kwa moja, utasikia upande mmoja tu wa hadithi. Basi anzia Kitale.

Makumbusho ya Kitale yako kando ya barabara ya Eldoret. Yalitokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi 1926. Alifariki 1966, na makumbusho ya sasa yakafunguliwa 1974. Vipepeo ni wengi, lakini usikose nyumba za kitamaduni zilizojengwa uani. Zinakuonyesha jinsi jamii za huku zilivyoishi kabla ya mlowezi kufika.

Kisha panda matatu ya Webuye kupitia Kiminini na Misikhu. Juu ya mji huo kuna milima ya Chetambe. Mwaka wa 1895, Wabukusu pamoja na Watachoni walipigana na Waingereza kwenye ngome za Lumboka na Chetambe, baada ya mzozo kuhusu bunduki. Walijikinga kwa kuta za udongo na mahandaki. Wenzao walikuja na bunduki ya Maxim. Wengi waliuawa na ng'ombe wakatekwa. Usitarajie kasri hapa. Ni kilima, na ukimya.

Sasa shuka Bungoma, ushike gari la Mumias. Nabongo Mumia alitawala tangu miaka ya 1880. Misafara ya Waswahili kutoka pwani ilipumzika kwake, na Waingereza wakafanya mji wake makao yao ya utawala hadi walipohamia Kakamega 1920. Mwaka wa 1909 walimpa cheo cha chifu mkuu. Alifariki 1949. Kumbukumbu za wafalme wa Wanga zinahifadhiwa katika Kituo cha Utamaduni cha Nabongo, Matungu. Ni mahali pa heshima, kwa hivyo omba ruhusa kabla ya kutoa simu upige picha.

Hapo ndipo mambo yanakuwa moto. Wapiganaji wa Wanga walikuwa upande wa Waingereza vita vya 1895. Kwa hivyo Mumia alikuwa msaliti, au mfalme aliyetumia wageni kuulinda ufalme wake dhidi ya majirani aliokuwa akigombana nao kitambo? Jibu hutegemea umekulia nyumba gani. Ukisimama Matungu tu, utaona mwanasiasa mjanja. Ukisimama Chetambe tu, utawaona waliolipa gharama ya ujanja huo.

Ndiyo maana safari hii inafaa kufanywa na beshte wa upande ule mwingine, Mbukusu na Mwanga ndani ya gari moja. Mtabishana njia nzima, na ni sawa. Wote bado mnasalimiana kwa neno moja: mulembe.