Kimo cha Mtu na Beseni Lake

Neno bodaboda leo linajulikana kutoka Kampala hadi Lindi, na wengi wanaolitumia kila siku hawajui kwamba lilizaliwa na umbali. Katika miaka ya 1960 abiria aliyefika Busia au Malaba akitokea Kenya alipigiwa muhuri wa kutoka, kisha akakuta mbele yake kipande cha barabara kisicho na mwenyewe. Kenya imekwisha, Uganda haijaanza. Gari lisilo na hati za kuvuka haliendi mbele, jua linawaka, na mzigo uko miguuni. Vijana wenye baiskeli wakafunga mto juu ya keria ya nyuma na kuanza kuwaita wasafiri: boda, boda! Kutoka boda hadi boda. Pikipiki zilikuja baadaye sana. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, kazi iliyoanzia kwenye kipande hicho cha lami ikaenea nchi nzima.

Kwa sisi tunaopanga miji, kisa hiki kina uzito kuliko kinavyosimuliwa. Hapana mchoraji aliyekaa mezani akaamua kuwe na pengo kati ya vituo viwili. Kila serikali ilijenga lango lake ndani ya ardhi yake, ikaacha nafasi ya malori na ofisi. Pengo lilibaki tu, kama kipande cha kitambaa kinavyobaki fundi akishakata nguo. Na hapo ndipo watu walipojipatia riziki.

Mwaka 1960 Mmarekani Kevin Lynch, aliyechunguza namna watu wanavyoihifadhi miji yao vichwani, aliandika kwamba kingo za mji ziko za namna mbili: ipo inayozuia, na ipo inayounga pande mbili kama mshono. Mwaka uliofuata mwandishi Jane Jacobs alionya kwamba kando ya reli, barabara kuu na viwanja vikubwa vilivyofungwa, mitaa hufifia, kwa sababu mtu akifika pale hana pa kuendelea. Miguu ikipungua, duka linafungwa. Duka likifungwa, miguu inapungua zaidi. Kwa hesabu hiyo, mpaka wa nchi mbili ulipaswa kuwa mahali pakavu kuliko pote. Busia inakataa. Kadiri unavyousogelea mstari ndivyo maduka yanavyobanana, wabadilishaji pesa wanavyoongezeka na sauti zinavyopanda. Katikati ya mji ni mpaka wenyewe. Katika mtaa wa Sofia, upande wa Uganda, mgeni anaweza kupita kati ya nyumba mbili akitafuta kivuli na asijue kama amebadilisha nchi.

Sababu ya kwanza ya Busia kuchangamka ni tofauti ya bei. Sukari ina bei yake huku na bei nyingine kule, mayai vilevile, unga wa ngano vilevile, na shilingi mbili zenye jina moja hazina thamani moja. Tofauti hiyo ni kama maji yaliyo juu na bonde lililo chini: ukiweka ukuta, maji yatatafuta ufa. Katika miaka ya 1970, wakati wa Idi Amin, sabuni na chumvi vilipoadimika Uganda, magendo yakawa njia ya kuishi. Baridi ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa ikapaa duniani, kahawa ya Uganda ilimiminika Kenya, na soko la Chepkube upande wa Bungoma likawa jina linalotajwa hata na watu wasiojua liko wapi.

Sababu ya pili ni ya zamani kuliko biashara. Mwaka 1902 Waingereza waliuchukua mkoa wa mashariki wa Uganda wakauunga na himaya yao ya jirani, ile iliyokuja kuitwa Kenya mwaka 1920. Mstari ukapita katikati ya Wateso na katikati ya Wasamia. Watu hawakuhama. Shangazi alibaki ng'ambo, na shangazi hahitaji pasipoti kuja kwenye matanga.

Mtu akitaka kuelewa mji huu kwa kitu kimoja tu, ningempeleka akaitazame baiskeli ya magurudumu matatu ya mfanyabiashara mwenye ulemavu wa miguu. Usifikirie kiti cha hospitali. Ni chuma kilichounganishwa na mafundi wa kuchomelea, kanyagio zimehamishwa kutoka chini hadi usawa wa kifua ili zizungushwe kwa mikono, na nyuma ya kiti pametengenezwa nafasi ya katoni na magunia. Watafiti Susan Reynolds Whyte na Herbert Muyinda waliandika habari za watu hawa wa Busia mwaka 2007. Kwa miaka mingi maofisa wa forodha waliwaachia wapite bila usumbufu mwingi, na wao wakaigeuza huruma hiyo kuwa kazi ya uchukuzi. Waliokuwa wakitarajiwa kuomba barabarani wakawa ndio wanaotafutwa na wenye maduka. Mimi nikiitazama baiskeli ile naona pia kipimo. Kitabu cha ujenzi kinasema njia ya kiti cha magurudumu isipande kwa ukali unaozidi 1 kwa 12, yaani kila sentimita 10 za kupanda zipewe sentimita 120 za kwenda mbele. Hicho ni kipimo cha mtu na kiti chake. Hakuna aliyemhesabu mtu, kiti, na katoni 8 za sabuni. Kingo ya lami yenye kimo cha kiganja, ambayo dereva wa lori haioni kabisa, kwake ni mwisho wa safari mpaka apatikane wa kumsukuma.

Februari 24, 2018, Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walifungua Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani pale Busia. Utaratibu wake ni mzuri, na unafaa kuelezwa. Zamani ulisimama mara mbili: unatoka huku, unaingia kule. Sasa unasimama mara moja, katika nchi unayoingia. Lori linalotoka Mombasa kwenda Kampala linaupita upande wa Kenya bila kusimama. Likifika upande wa Uganda, ofisa wa Kenya na ofisa wa Uganda wako chini ya paa moja, mmoja anamaliza na mwingine anaanza. Ili jambo hilo liwezekane ilibidi Jumuiya ya Afrika Mashariki itunge sheria ya kumruhusu ofisa kutumia mamlaka ya nchi yake akiwa amesimama kwenye ardhi ya jirani. Kwa lugha ya michoro, lile pengo la kale limemezwa na nyua mbili pana zenye uzio. Na kabla ya hapo, mwaka 2014, mfumo wa eneo moja la forodha ulikuwa umekwisha kuhamishia sehemu kubwa ya kazi ya ushuru bandarini Mombasa.

Ni lazima niseme wazi kwamba malori yalihitaji msaada huo. Foleni ni hasara na ni mateso. Januari 2022, Uganda ilipowataka madereva wapimwe Uviko kwa malipo ya dola 30, walisimama, na foleni ikarefuka makumi ya kilomita ndani ya Kenya. Watu walilala chini ya matrela yao. Hakuna anayetaka kurudi huko.

Lakini mji uliokua kwa kungojewa hubadilika mtu asipongoja tena. Dereva aliyekaa siku tatu alikula mara tisa, alilala gesti, alinunua muda wa maongezi, alinyoa nywele. Dereva anayepita kwa saa chache hununua maji ya chupa. Mama anayeuza chai na chapati kando ya barabara haelezwi jambo hili na mtu yeyote. Analiona kwenye sufuria inayorudi nyumbani ikiwa na chai.

Na kuna mtu ambaye mchoro haukumweka katikati. Lori huvuka mara moja kwa safari. Mwanamke anayeuza nyanya huvuka mara nne kwa siku, pengine sita. Tangu 2014 Mkenya na Mganda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na upo utaratibu rahisi wa forodha kwa mzigo mdogo. Karatasi zimemfikiria. Nafasi ndiyo haijamfikiria vya kutosha. Ua uliopimwa kwa mzunguko wa trela la ekseli sita humlazimisha mtembea kwa miguu kuzunguka uzio mrefu kwenye jua, kupita chumba kilichojengwa kwa ajili ya abiria wa basi wenye masanduku, na kusimama nyuma yao akiwa na beseni kichwani. Haishangazi kwamba njia za panya bado zina watu. Wanaozitumia huitwa wakwepa kodi, na wamo. Wengine wamepima tu wapi ni karibu.

Kwapa, katika wilaya ya Tororo, iko katika ukanda huu wa mpaka, na jina lake humfanya msomaji wa Kiswahili atabasamu, kwa sababu mahali penyewe kweli pako kama chini ya mkono: ubavuni, pa kivuli, mbali na macho ya wanaopita barabara kuu. Hapa mpaka hauna paa wala muhuri. Una vijia. Makazi ya Wateso hayakuanza kwa safu za nyumba kando ya barabara. Ni boma hapa, shamba, boma pale, na vijia vinavyofungana kama nyuzi. Moyo wa boma ni ua, na jioni moyo wa ua ni chungu cha ajono, pombe ya wimbi inayoongezwa maji ya moto na kunywewa kwa mirija mirefu. Mwanaanthropolojia Ivan Karp, aliyekaa na Wateso wa upande wa Kenya, aliandika mwaka 1980 juu ya unywaji huu na maisha ya kijamii. Mimi hutazama mrija. Urefu wake ndio unaopanga nafasi: duara linaweza kutanuka jirani mwingine akifika, kila mtu ana mahali pake, na hakuna anayempa mwenzake mgongo. Ukinipa kazi ya kuchora ukumbi wa kijiji ningeanzia hapo, kwenye duara linalotanuka, kabla ya kufikiria jukwaa na viti vilivyopangwa kwa mistari.

Mabadiliko yanafika kupitia barabara. Kiwanja kinachotazama lami hupanda bei, kinakatwa vipande vyembamba, linajengwa duka lenye vyumba vya kupanga nyuma, na ua unabaki uchochoro wa kuanikia nguo. Kijana aliyejenga hakukosea, amejenga panapolipa. Ila chungu hakina pa kukaa tena, na wazee wanahamia kilabu, ambako unakaa ukilipa. Halmashauri ikitaka inaweza kuagiza kwamba kila safu ya maduka kadhaa iache uwazi wenye mti na upenyo wa kupita hadi mashambani. Gharama yake ni kipande cha ardhi na ukaidi wa kutokiuza.

Sasa inakuja reli. Uganda ilitia saini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki Oktoba 2024, na Novemba mwaka huohuo Rais Museveni akazindua kazi mjini Tororo: kilomita 272 za reli ya kisasa kutoka Malaba hadi Kampala. Tunayoijua ya namna hii ni ile ya Mombasa na Nairobi iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, na umbo lake tumeliona: tuta la udongo, uzio pande zote mbili, madaraja mahali pa mito na pa barabara. Reli ya zamani ya mita moja, iliyofika Kampala mwaka 1931, ilikaa chini usawa wa ardhi na mbuzi waliivuka. Treni ya mwendo wa kasi haiwezi kuruhusu hilo, na ni haki isiruhusu. Kwa hiyo swali zima liko kwenye matobo ya kupitia chini ya tuta: mangapi, wapi, na ya kimo gani.

Hesabu yake haina fumbo. Mtu mwenye mzigo hutembea kama kilomita 4 kwa saa. Kijia chake kikizibwa na tobo lililo karibu likamwongezea kilomita 1, umemchukulia robo saa kila anapovuka. Akivuka mara nne, umechukua saa nzima ya siku yake, kila siku, kwa muda wote reli itakapokuwepo. Kwa hiyo kabla udongo haujamwagwa, watu wawili wenye daftari wakae kwenye kila kijia kilichomo katika ukanda wa reli, kuanzia alfajiri hadi jua linapozama, siku ya soko na siku isiyo ya soko, na wahesabu: wanafunzi, ng'ombe, baiskeli, wagonjwa wanaobebwa, wanawake wenye mizigo. Kazi hiyo ni ya wiki chache. Ramani za satelaiti huonyesha kijia. Hazionyeshi nani anakipita.

Kisha kimo. Kalavati ya maji yenye mita 1 na nusu mara nyingi huhesabiwa kwenye ripoti kuwa njia ya watu pia, kwa sababu mtu anaweza kuinama akapita. Mwanamke wa Kwapa anayerudi sokoni ana mita 1 na sentimita 65. Juu ya kichwa chake pana kata ya kitambaa, juu ya kata pana beseni, na ndani ya beseni nyanya zimepangwa mpaka zimefanya kilima. Hawezi kuinama. Anahitaji mita 2 na nusu, sakafu isiyotuama maji, na mwanga wa kutosha kumwona anayekuja upande wa pili.