Chomoa Figa Moja Tu

Mwaka 2010 tamthilia ya Kimarekani iitwayo Fringe ilionyesha kitu ambacho ni rahisi kukipita. Mwanasayansi mmoja anavuka na kuingia katika ulimwengu wa pili, unaofanana na huu wetu karibu kwa kila jambo. Huko ni mwaka 1985. Nje ya jumba la sinema kuna ubao wa matangazo, na juu yake limeandikwa jina la filamu ambayo huenda wazazi wenu wanaikumbuka: Back to the Future. Nyota wa filamu ametajwa pia. Ni Eric Stoltz.

Muulizeni yeyote aliyeitazama filamu hiyo ni nani aliyeigiza kama Marty McFly, yule kijana anayerudi hadi mwaka 1955 kwa gari na nusura awazuie wazazi wake wasioane. Atawaambia ni Michael J. Fox, na kwa ulimwengu huu yuko sahihi. Lakini waandishi wa Fringe hawakuliokota jina la Stoltz barabarani. Stoltz alikuwa Marty kweli. Alivaa nguo za Marty na kupigwa picha kwa wiki kadhaa kuanzia mwishoni mwa mwaka 1984, mpaka Januari 1985 mwongozaji Robert Zemeckis alipoamua kumwondoa. Stoltz ni mwigizaji hodari, ila alimchukulia Marty kwa uzito mno, na filamu ilitaka kuchekesha.

Sasa, wanangu, turudi nyuma hatua moja, maana utamu uko huko. Zemeckis alikuwa akimtaka Fox kabla ya Stoltz. Alimkosa kwa sababu Fox alikuwa katika kipindi cha televisheni kiitwacho Family Ties, na mwigizaji aliyekuwa mama yake humo, Meredith Baxter, alikuwa na mimba ya mapacha. Mtayarishaji hakuwa tayari kuwakosa wawili kwa mpigo. Baxter aliporejea kazini, Fox akaruhusiwa, kwa sharti kwamba Family Ties itangulie. Basi mchana akaigiza huku, usiku akaigiza kule. Na msichana aliyekwisha kuchaguliwa kuwa mpenzi wa Marty, Melora Hardin, naye akapoteza kazi, kwa kuwa alimzidi Fox kimo. Hakukosea lolote. Alikuwa mrefu tu, na ghafla urefu huo ukawa na maana.

Mmeona jinsi mambo yalivyoshikana? Mapacha wanatungwa mimba, na binti ambaye hata hamjui mama yao anakosa nafasi katika filamu iliyoongoza kwa mapato Marekani mwaka 1985.

Kuna watu wazima, wengine wenye shahada zao, wanaokesha wakicheza mchezo wa kuuliza filamu fulani ingekuwaje. Nami nataka niwafundishe, kwa sababu wengi wanaucheza vibaya. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Wewe chomoa figa moja tu, kisha kaa uangalie chungu kinainamia wapi na mchuzi unamwagikia nani. Ukiyachomoa yote matatu hakuna cha kuangalia; umemwaga chakula basi. Na figa lenyewe liwe la kweli, yaani jambo ambalo kwa hakika lilibaki kidogo litokee. Ukisema Marty angeigizwa na mfalme wa Uingereza, tutacheka, lakini hutajifunza chochote kuhusu filamu wala kuhusu mfalme.

Najua mtaniambia, mbona DJ Afro wa Kenya anageuza filamu nzima na watu wanampenda? Ni kweli, tena mimi mwenyewe nampenda. Anachukua filamu ya watu wa mbali, anaisimulia kwa Kiswahili cha mtaani, na jambazi wa ng'ambo anaanza kuongea kama kondakta wa matatu. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, na Uganda wana mafundi wao wa kazi hiyo. Ule ni usanii wa kupamba, na msimuliaji ana ruhusa ya kwenda atakako. Mchezo wetu una kamba miguuni.

Tujaribu kwa filamu mnayoijua wote, The Lion King ya mwaka 1994, ambayo watu wengi ulimwenguni waliokota humo Kiswahili chao cha kwanza. Nathan Lane na Ernie Sabella, waliokuwa wakiigiza pamoja kwenye jukwaa mjini New York, walikwenda kufanyiwa majaribio ya sauti za fisi. Waliposikika pamoja, watengenezaji wakaona hawa si fisi hata kidogo; wakawafanya Timon na Pumbaa. Haya, tuseme siku hiyo watengenezaji walikuwa wamechoka na wakafuata karatasi ilivyosema. Fisi wanapata wachekeshaji wawili wenye makelele, kwa hiyo hawatishi tena. Fisi wasipotisha, Scar anabaki mfalme mbaya asiye na jeshi la kuogopwa. Na Simba akifika msituni anawakuta ngiri na nguchiro wa aina nyingine, pengine wapole zaidi, na sehemu ya katikati ya filamu inapoa. Sijasema filamu ingekufa. Nimesema ingekosa chumvi mahali ilipohitajika na kuzidi chumvi mahali isipohitajika.

Lakini angalieni: si kila figa lina chungu juu yake. Mwaka 1998, kampuni ya Pixar ilipokuwa ikitengeneza Toy Story 2, mtu mmoja aliandika amri kwenye kompyuta iliyoanza kufuta mafaili ya filamu. Wafanyakazi walikaa wakitazama wahusika wakipotea mbele ya macho yao, kipande baada ya kipande. Nakala za akiba kumbe zilikuwa hazifanyi kazi ipasavyo. Aliyewaokoa ni Galyn Susman, ambaye alikuwa akifanyia kazi nyumbani kwa ajili ya mtoto wake mchanga na alikuwa na nakala kwenye kompyuta yake. Wakaipakia kompyuta ile garini na kuirudisha ofisini kwa uangalifu mkubwa. Mtu yeyote angerukia hapo: je, kama mama yule asingekuwa na mtoto mchanga? Filamu ingepotea! Subirini. Baadaye viongozi wa Pixar waliitazama filamu iliyookolewa, wakaona haiwafai, wakaijenga upya sehemu kubwa kwa miezi michache, na ikatoka mwaka 1999. Figa lile tunalolishangilia huenda lilikuwa limebeba chungu kitupu. Kisa kinasisimua, lakini matokeo yake ni madogo kuliko msisimko wake, na mchezaji mzuri huyatofautisha.

Sasa nifike kwenye mfano wangu niupendao kuliko yote.

Mwaka 1966, tarehe 8 Septemba, televisheni ya NBC ya Marekani ilianza kurusha Star Trek, hadithi za mabaharia wa anga. Ndani ya chombo chao alikuwamo ofisa wa mawasiliano, mwanamke mweusi, Luteni Uhura. Jina lake limetokana na uhuru, hilihili neno letu. Tena katika sehemu ileile ya kwanza kurushwa, kiumbe mmoja mlaghai anajigeuza mwanamume na kumsemesha Uhura kwa Kiswahili ili amnase. Baadaye, mwaka 1967, kuna sehemu ambapo mashine inafuta kumbukumbu za Uhura. Anapofundishwa kusoma upya kwa Kiingereza anakwama, na akikwama anaropoka Kiswahili.

Mwigizaji wake, Nichelle Nichols, hakuwa na furaha. Alipewa maneno machache, na moyo wake ulikuwa kwenye tamthilia za jukwaani zenye nyimbo. Msimu wa kwanza ulipokwisha akamwambia Gene Roddenberry, mwanzilishi wa kipindi, kwamba anaondoka. Nichols mwenyewe alisimulia mara nyingi kilichofuata: katika hafla ya chama cha kutetea haki za watu weusi, aliambiwa kuna shabiki wake anataka kumwona. Aligeuka na kumwona Martin Luther King. King akamwambia kwamba hiki ni kipindi ambacho yeye na mkewe huwaruhusu watoto wao kuchelewa kulala ili wakitazame, na kwamba haifai aondoke, kwa kuwa kwa mara ya kwanza watu wanawaona weusi kama wanavyostahili kuonwa. Nichols akabaki.

Chomoeni hapo. King hakuhudhuria, au alikuwa na homa, au foleni ilimchelewesha. Nichols anakwenda zake New York. Nafasi yake anapewa nani? Katika Marekani ya 1967 sidhani angetafutwa mwanamke mwingine mweusi kwa bidii. Kazi ilikuwa ndogo kwenye karatasi, na mtu yeyote angeweza kukaa kwenye kile kiti. Busu la Kapteni Kirk na Uhura la Novemba 1968, lililowashtua watu wa wakati ule, halipo. Whoopi Goldberg, aliyekuwa mtoto akapiga kelele nyumbani kwamba kuna mwanamke mweusi kwenye televisheni na si mtumishi wa ndani, huenda angeyasema hayo bado, maana msimu wa kwanza ulikwisha kuonyeshwa. Lakini asingekua naye. (Goldberg huyuhuyu ndiye sauti ya fisi Shenzi katika The Lion King. Mafiga ya watu wengine hukutana jikoni.)

Na Mae Jemison? Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kufika angani, Septemba 1992, na amesema wazi kwamba Uhura alimtia hamasa. Hapa watu wengi huteleza. Hudai kwamba bila Uhura hakuna Jemison. Mimi sikubali. Jemison alikuwa mhandisi na daktari, binti mwenye kiu ya sayansi tangu utotoni. Nadhani angekwenda hata hivyo. Kamba iliyo imara zaidi ni nyingine: kuanzia mwaka 1977 Nichols alifanya kazi na NASA, akizunguka kuwahimiza wanawake na watu weusi waombe kuwa wanaanga. NASA ilimtaka kwa sababu alikuwa Uhura. Kama angeondoka mwaka 1967, angekuwa mwimbaji aliyewahi kuonekana mwaka mmoja kwenye televisheni, na simu ile isingelia.

Kuna figa jingine katika hadithi hiyohiyo, na hili ndilo linaloumiza kichwa. Star Trek ilitengenezewa kipindi cha majaribio kabla ya hapo, kikakamilika mwaka 1965, na NBC wakakikataa. Nahodha hakuwa Kirk bali Pike, na msaidizi wake mkuu, wa pili kwa amri chomboni, alikuwa mwanamke. Waliohusika walitofautiana kuhusu sababu za kumwondoa. Sasa nawauliza: kama NBC wangekikubali? Mngepata mwanamke akiamuru chombo cha anga mwaka 1966, jambo ambalo lingewafurahisha mama zenu. Lakini Uhura hayumo katika kipindi kile. Wala hayumo katika kipindi cha pili cha majaribio. Alikuja pale tu kipindi kilipojengwa upya, baada ya kukataliwa. Ukimwokoa mwanamke yule wa kwanza, kuna uwezekano mkubwa kwamba umempoteza Uhura, na huna njia ya kuwaweka wote kwa kuchomoa jiwe moja.

Hebu turudi nyumbani, kwa sababu na sisi tuna mafiga. Kenya ilianza televisheni mwaka 1962. Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa rangi. Tanzania Bara ikangoja hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipofungua njia. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliona televisheni ni anasa ya watu wa mjini, ilhali redio ya betri inafika kijijini. Kwa hiyo wachekeshaji wa Bara walikuwa sauti. Pwagu na Pwaguzi walivunja mbavu za nchi nzima kupitia Redio Tanzania, na kila msikilizaji aliwachora sura zao mwenyewe.

Tuseme Bara ilipata kituo mwaka 1974, mwaka mmoja baada ya Visiwani. Kwanza tazama jirani, maana jirani ndiye ushahidi wako. Kenya iliwapa wachekeshaji wake kamera, tukapata Vioja Mahakamani, tukapata Vitimbi na Mzee Ojwang', ambaye nusu ya uchekeshaji wake ilikuwa mwili na mavazi. Basi Pwagu angehitaji koti na namna ya kutembea. Huenda wachekeshaji wengine kabisa, wenye nyuso za kuchekesha na sauti za kawaida, wangewapiku.

Kisha fuata miaka. Mwishoni mwa mwaka 1978 inakuja vita na Idi Amin, na habari zake zinaonekana badala ya kusikika. Wenye seti wanaona vifaru, wasio na seti wanajazana madirishani kwa jirani. Kisha inakuja miaka ya mwanzo ya themanini, fedha za kigeni hakuna, sabuni ni ya foleni. Kipuri cha mtambo wa kurushia matangazo kinanunuliwa kwa dola zipi? Mimi nasema kituo chetu cha kubuni kingezimika kufikia mwaka 1982 au kingebaki kikirudia vipindi vilevile, na mwaka 1994 tungeanza upya karibu pale tulipoanzia.

Anayetaka kunipinga aanze na TVZ, televisheni ya Zanzibar. Ilipitia miaka hiyohiyo ya shida na haikufa. Ni fedha za karafuu zilizoibeba, au udogo wa eneo la kurushia matangazo, au kuna kitu kingine ambacho wazee wa Unguja wanakijua?