Si Kila Chandarua Huingia Mwilini

Juma hili nilikuwa nimejiandaa kuzungumza nanyi juu ya jambo jingine kabisa. Simu moja kutoka nyumbani Mbulu imenilazimisha kubadili mazungumzo.

Aliyepiga ni mdogo wangu, mkulima wa vitunguu saumu karibu na Dongobesh. Tulisalimiana kwanza, na salamu za kwetu ni ndefu, maana sharti uulize habari za watu, za ng'ombe na za mvua. Kisha akasema: "Kaka, baba mkubwa ana ngiri. Ameambiwa apasuliwe na awekewe wavu ndani. Huo wavu bei yake hatuiwezi. Lakini tumesikia kwamba Uganda watu wanawekewa chandarua na wanapona. Hapa mnadani vyandarua vipo tele. Je, tununue kimoja tumpelekee daktari?"

Nilitaka kucheka, kisha nikaona kwamba hakuna cha kuchekesha. Katika swali lile mlikuwa na ukweli nusu, na ukweli nusu katika mambo ya tiba waweza kuua mtu. Nikamwambia asinunue kitu, anipe siku 2. Leo nawapa na ninyi jibu nililompa, kwa sababu naamini si yeye peke yake mwenye swali hilo. Hata huku mjini, makuli wa sokoni na mafundi wa ujenzi wanatembea na ngiri zao wakiwa wamezifunga kwa vitambaa chini ya suruali.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Watu wetu huita "mshipa" kila uvimbe wa sehemu za siri za mwanamume, wakachanganya mambo mawili. Busha ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani. Ngiri ni tundu. Ukuta wa misuli ya tumbo, pale kwenye kinena, huwa na sehemu dhaifu. Wengine huzaliwa nao udhaifu huo, wengine huupata kwa kunyanyua mizigo, kukohoa kwa miaka au uzee tu. Ukuta ukiachia, utumbo husukumwa nje na kuteremka chini ya ngozi, hata kufika kwenye pumbu. Mgonjwa akilala hurudi, akisimama hutoka.

Hatari yake ni moja kubwa. Siku moja utumbo huweza kutoka ukashindwa kurudi, ukabanwa kama shingo ya mfuko iliyofungwa kwa kamba. Damu haipiti tena. Mgonjwa hupata maumivu makali, hutapika, na uvimbe huwa mgumu. Hapo saa zinahesabiwa, maana utumbo usiopata damu huoza. Fikirieni mtu aliye Yaeda Chini, au ndani ya Hanang mbali na Katesh, jambo hilo limpate usiku wa masika. Ndiyo sababu madaktari hutaka kuitengeneza ngiri mapema, kabla haijabanwa.

Je, hutengenezwaje? Tangu miaka ya 1880, alipoonyesha njia daktari Edoardo Bassini wa Padova, Italia, madaktari walikuwa wakivuta misuli ya pande mbili na kuishona pamoja. Njia hiyo imeokoa watu wengi, na bado inaokoa. Kasoro yake ni kwamba misuli iliyovutwa kwa nguvu hutaka kurudi ilikotoka, kama kiraka kidogo kilicholazimishwa kuziba tundu kubwa la shati. Wagonjwa kadhaa hurudiwa na ngiri ileile.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Francis Usher wa Texas, Marekani, akaanza kutumia wavu wa plastiki. Katika miaka ya 1980 mwenzake Irving Lichtenstein wa Los Angeles akaeneza njia ya kuulaza wavu juu ya tundu bila kuvuta misuli hata kidogo. Wavu huo madaktari huuita meshi.

Namna unavyofanya kazi, mtu wa Mbulu ataelewa upesi kuliko wa mjini. Mnaijua nyumba ya tembe. Kwanza husimamishwa miti na kufungwa fito, kisha hukandikwa udongo. Fito peke yake hazizuii upepo, na udongo peke yake hausimami. Udongo ukipenya kati ya fito na kukauka, unapata ukuta. Ndivyo ilivyo mwilini. Wavu ni fito. Mwili wenyewe huleta udongo, yaani nyama ya kovu, ambayo hukua na kupenya katika matundu ya wavu mpaka vyote viwili vikawa kitu kimoja.

Kwa hiyo tundu la wavu ni jambo kubwa. Likiwa dogo mno, chembe za mwili zinazojenga kovu na zile zinazopigana na vijidudu haziwezi kupita, lakini vijidudu, kwa kuwa ni vidogo zaidi, hupenya na kujificha humo. Matundu yakiwa mapana ya kutosha, askari wa mwili hufika kila mahali. Hapa ndipo madaktari wa nchi maskini walipogundua jambo: matundu ya chandarua cha kawaida, ambayo ni ya milimita moja na kitu, yanafaa. Tena nyuzi za baadhi ya vyandarua ni plastiki ya poliethilini, ya ukoo uleule wa wavu wa kwanza wa Usher.

Ukweli nusu alioupata mdogo wangu ulianzia hapo. India, Dokta Tongaonkar na wenzake waliandika mwaka 2003 juu ya wagonjwa waliowekewa kitambaa cha chandarua. Burkina Faso walifanya majaribio yao, yakachapishwa mwaka 2006. Kisha mwaka 2016 yakatoka majibu ya jaribio kubwa zaidi, lililofanywa mashariki mwa Uganda na madaktari wa Uganda na Sweden. Wanaume 302 wenye ngiri waligawanywa kwa bahati nasibu. Nusu waliwekewa wavu wa kiwandani unaouzwa zaidi ya dola 100 za Marekani, nusu waliwekewa wavu wa kitambaa cha chandarua ambao gharama yake haifiki hata dola 1. Baada ya mwaka mmoja, ngiri ilimrudia mtu mmoja tu katika kundi la wavu rahisi, na hakurudiwa hata mmoja katika kundi la wavu ghali. Matatizo madogo madogo ya kidonda yalikuwa karibu sawa pande zote mbili.

Naam, hiyo ndiyo habari njema. Sasa nisikilizeni kwa makini, maana iliyobaki ndiyo aliyokuwa hajaisikia mdogo wangu.

Kwanza, kitambaa kile hakikuwa chandarua cha mnadani. Kilikuwa kitambaa kitupu, kisicho na dawa ya mbu, kilichoagizwa kutoka India na kujulikana kimetengenezwa kwa plastiki gani. Vyandarua vingi tunavyogawiwa na kununua vina dawa. Hapo jirani Arusha, kiwanda cha A to Z kilianza mwaka 2003 kutengeneza vyandarua vya Olyset kwa utaalamu wa kampuni ya Sumitomo ya Japani. Uzi wake ni poliethilini, na dawa ya permethrini imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, ili itoke kidogo kidogo kwa miaka. Hiyo ni kinga nzuri juu ya kitanda. Kwa upasuaji haifai kabisa, maana hata ukikifua mara 20, dawa itaendelea kutoka, safari hii ndani ya mwili wa mgonjwa.

Pili, kuna kazi ya kutakasa. Watu husema, "Si tutakichemsha?" La hasha! Maji ya kuchemka hayaui kila kitu. Mbegu za vijidudu vya pepopunda, ambazo hukaa katika udongo na samadi, huvumilia maji yanayochemka. Na kwetu mambo ni magumu zaidi. Haydom iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mama zetu wanalijua hilo bila kusoma fizikia: maharage ya makande huchelewa kuiva Mbulu kuliko Tanga.

Hospitali hutumia mashine ya mvuke uliofungiwa, otoklevu, inayofanya kazi kama sufuria ya presha. Mvuke ukibanwa hufika nyuzi 121, na kitu kikikaa humo muda uliowekwa, hata zile mbegu hufa. Lakini hata mashine hiyo huitaka akili ya mtu. Pwani, mshale wa presha ukionyesha pauni 15 kwa inchi ya mraba, ndani mna nyuzi 121. Katika mwinuko wa Haydom, ili kupata joto hilohilo, mshale ufike karibu pauni 18, kwa sababu hewa ya nje inasukuma kidogo. Mhudumu anayesoma mshale peke yake, bila kukumbuka mlima anaoishi, atatoa vifaa vilivyopata moto ila havijatakasika.

Na moto ukizidi nao una hasara. Mashine nyingi zina njia ya haraka ya nyuzi 134. Chuma na vitambaa vya pamba huvumilia. Poliethilini hujikunyata na kuharibika, na wavu uliojikunyata haufai tena. Kwa hiyo moto ukipungua unaacha vijidudu, ukizidi unaharibu wavu.

Tatu, kuna mkono na daftari. Kitambaa hukatwa kwa kipimo, husafishwa, hufungwa katika karatasi mbili zinazopitisha mvuke, hubandikwa utepe unaobadili rangi ukipata joto, huandikwa tarehe na kuhifadhiwa pakavu. Ikitokea mgonjwa amepata usaha, lazima ijulikane wavu wake ulitoka katika robota gani, ulitakaswa siku gani na nani. Wavu ukiingia na uchafu, mwili hauwezi kuusafisha. Mara nyingi hulazimu kupasua tena na kuutoa.

Wasikilizaji wangu, hapo ndipo nilipoelewa bei. Plastiki ya wavu wa dola 100 haina thamani ya dola 100. Tunacholipa, ukiacha faida ya mwenye kiwanda, ni vipimo, kutakaswa, karatasi, na jina la mtu atakayejibu likitokea baya. Kitambaa ni rahisi, uangalifu ndio wenye gharama.

Na uangalifu si mali ya Ulaya peke yake. Uganda walionyesha kwamba kazi hii yaweza kufanyika hapa Afrika Mashariki. Sisi tuna viwanda vya kufuma nyuzi za aina hiyo, tena vikubwa. Tuna Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ya kupima na kuidhinisha. Tuna Bohari ya Dawa ya kusambaza. Tuna hospitali za siku nyingi vijijini, kama ile ya Kilutheri ya Haydom iliyoanza mwaka 1955, zinazojua upasuaji wa mbali na lami. Nauliza tu: kuna kizuizi gani cha kufuma kitambaa kisicho na dawa, kukikata, kukitakasa na kukipima hapa hapa, kikamfikia mkulima wa Hanang kwa bei ya jembe badala ya bei ya ng'ombe? Swali hili si la mdogo wangu kulijibu akiwa mnadani. Ni la wizara, wenye viwanda na vyuo vyetu vya udaktari.

Basi nikampigia mdogo wangu. Nikamwambia chandarua akitundike kitandani, ndiyo kazi yake. Halafu nikaomba kuzungumza na baba mkubwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wanasema umekataza chandarua."

"Nimekataza, baba. Lakini mbona hujaenda hospitali?"

"Nangoja hela ya wavu. Bila wavu nitakwendea nini?"

Kumbe hapo ndipo lilipokuwa kosa letu sote. Mzee alikuwa amekaa miezi akifikiri kwamba bila wavu hakuna upasuaji. Si kweli. Njia ya kushona misuli bado ipo, na daktari mzoefu ataitumia pale ambapo wavu haupo. Ngiri iliyoshonwa yaweza kurudi, lakini ngiri iliyoachwa yaweza kuua. Nikamwambia hivyo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata kuitaja mbele ya wakwe ni aibu. Nikamkumbusha msemo wa wahenga, kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Juma lililofuata alikwenda. Alipigwa ganzi, akashonwa bila wavu, na sasa amekatazwa kushika jembe kwa muda. Analalamika kila siku kwamba vijana hawajui kupalilia vitunguu. Anayelalamika hivyo, nadhani, anaendelea vizuri.

Na wewe msikilizaji uliyejifunga kitambaa chini ya suruali, usingoje wavu, wala usinunue chandarua. Nenda ukamwone daktari. Hadi juma lijalo, kwaherini.