Utafiti wa Saratani: Kwa Nini Pesa za Umma Zahitajika

Baada ya matanga, familia nyingi zilizopoteza jamaa kwa saratani hubaki na swali: je, angeweza kuokolewa?

Kuhusu saratani ya mlango wa kizazi, utafiti umeleta matumaini. Watafiti wa KEMRI na wenzao wa Marekani waliwafuatilia wanawake 2,275 wa umri wa miaka 15 hadi 20 katika miji ya Kisumu, Nairobi na Thika. Matokeo yaliyochapishwa 2022 yalionyesha kuwa dozi moja ya chanjo ya HPV huzuia kwa asilimia 97.5 virusi viwili vinavyosababisha visa vingi vya saratani hiyo.

Hata hivyo, ufadhili ulitoka kwa wakfu wa Gates wa Marekani. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 inataka asilimia 2 ya pato la taifa ielekezwe kwa utafiti kila mwaka. Saratani ya umio, inayoua wengi Bonde la Ufa, bado haina chanjo.

Wasichana wa miaka 10 hadi 14 huchanjwa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Mpeleke binti yako. Na bajeti ikiletwa kwa maoni ya wananchi, uliza utafiti umetengewa kiasi gani.