Mimea Kutoa Ushahidi Mahakamani

Ieleweke kwamba hata ganda la mbegu laweza kumtia mtu hatiani. Mwaka 1992, jimboni Arizona, Marekani, maganda mawili ya mti uitwao palo verde yalikutwa nyuma ya gari la mtuhumiwa wa mauaji. Mtaalamu Timothy Helentjaris alilinganisha vinasaba vyake na vya miti kadhaa. Vikaafikiana na mti mmoja tu, ule uliokwaruzwa mahali ilipopatikana maiti. Mtuhumiwa alihukumiwa mwaka 1993.

Msimbo wa vinasaba, unaotumika siku hizi, ni jambo jingine, na tofauti hiyo haifai kupuuzwa. Huo hutambulisha aina ya mmea, hata uliosagwa, wala si mti wenyewe: utaonyesha kuwa unga ni wa karafuu, lakini shamba la nani, hautasema.

Vielelezo vya mimea vikaushwe, vitiwe katika bahasha za karatasi. Ndani ya plastiki huoza, na vinasaba huharibika.